Namna ya Kukosa Chembe Bila Kukosa Heshima

Sikiliza, ndugu yangu, tuambizane ukweli. Unataka kugundua hadroni mpya. Unataka jina lako lisomwe juu ya makala, usimame mbele ya ukumbi uliojaa, uoneshe mchoro wenye nundu katikati, na watu waache kukohoa. Vizuri sana. Tamaa hiyo anayo kila mtu aliyewahi kukesha katika chumba cha kuongozea mashine ya kuharakisha chembe, awe Japani, Uswisi au Marekani. Usiionee haya. Tutaitumia.

Ila jua mapema kwamba huenda ukakosa. Wawindaji wengi wa hadroni ngeni wamekosa, na baadhi yao wamekosa baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba wamepata. Kwa hiyo mwongozo huu unakufundisha kukosa vizuri. Ndani yake mna hila, njia za mkato na ulaghai wa kila aina, na mtu wa kulaghaiwa ni mmoja tu: wewe mwenyewe. Jicho lako linapenda nundu kupita kiasi. Lazima ulizidi ujanja.

Kwanza tuelewane unawinda nini. Hadroni ni chembe iliyoundwa kwa kwaki. Protoni na nyutroni zimeundwa kwa kwaki tatu tatu. Mesoni, kama vile pioni na kaoni, zina kwaki moja na antikwaki moja. Murray Gell-Mann alipoleta wazo la kwaki mwaka 1964, aliandika palepale kwamba vifurushi vikubwa zaidi vinawezekana: kwaki mbili na antikwaki mbili, au kwaki nne na antikwaki moja. George Zweig, akiwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Uswisi, alilifikia wazo la kwaki mwaka huohuo kwa njia yake. Vifurushi hivyo vikubwa ndivyo hadroni ngeni: tetrakwaki, pentakwaki na jamaa zao. Hakuna sheria ya maumbile iliyozikataza, na ndiyo maana watu wamezitafuta kwa zaidi ya nusu karne.

Hazionekani kwa macho. Unarusha mwale wa protoni, pioni au fotoni kwenye shabaha, au unagonganisha miale miwili. Hadroni ngeni, kama imezaliwa, kwa kawaida huvunjika kabla haijasafiri hata upana wa atomu moja. Ni kama chungu kilichovunjika gizani: unaokota vigae, unavipima, halafu unakadiria chungu kilikuwa na ukubwa gani. Rudia hivyo mara maelfu na uchore grafu ya matungamo uliyokadiria. Ikiwa vipande vilitoka kwenye chembe ya aina moja, hesabu zitarundikana mahali pamoja. Hiyo ndiyo nundu. Ikiwa ulichanganya vipande visivyohusiana, hesabu zitatawanyika. Huo ndio usuli, nao una mawimbi yake madogo yanayopanda na kushuka kwa bahati tu. Kazi yako yote ni kutofautisha nundu na wimbi la bahati.

Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Chagua sifa ya miaka ishirini badala ya sifa ya wiki mbili

Mwaka 2003 nchi ya Japani ilitoa habari mbili kubwa. Kundi la Belle, lililokuwa likigonganisha elektroni na positroni huko Tsukuba, lilitangaza chembe iliyoitwa X(3872). Namba hiyo ni tungamo lake katika MeV, kizio ambacho wanafizikia wa chembe hupimia tungamo. Protoni ina takriban 938. Kundi la LEPS, katika kituo cha SPring-8 mkoani Hyogo, lilirusha fotoni zenye nishati kubwa kwenye viini vya kaboni, likatangaza chembe yenye takriban MeV 1540, ikaitwa Theta-chanya. Ingekuwa pentakwaki ya kwanza kuonekana.

Habari zote mbili zilitegemea matukio machache. Belle ilikuwa na takriban 35, LEPS takriban 19. X(3872) iko hai hadi leo. Makundi ya CDF, D0 na BaBar yaliiona palepale ilipotajwa, na mwaka 2013 kundi la LHCb la CERN likabaini spini yake, yaani mzunguko wake wa ndani. Theta-chanya iliingizwa katika jedwali rasmi la chembe mwaka 2004 ikiwa na nyota tatu za uhakika. Mwaka 2006 ilibakiwa na nyota moja. Baadaye iliondolewa kabisa katika orodha ya chembe zinazotambuliwa.

Basi chagua mapema. Kila tamaa inapokusukuma utangaze kesho asubuhi, jiulize ungependa kuwa mzazi wa ipi kati ya hizo mbili. Tamaa yako ni kali, na haipendi kuaibika. Ipe hofu hiyo kazi ya ulinzi.

Hatua ya 2: Mshukuru mtabiri, kisha msahau

Theta-chanya haikutoka hewani. Mwaka 1997 wananadharia watatu, Dmitri Diakonov, Victor Petrov na Maxim Polyakov, walitabiri pentakwaki nyepesi na nyembamba yenye takriban MeV 1530. Nundu ya LEPS ilipotokea jirani kabisa na hapo, wengi walisisimka. Ndani ya takriban mwaka mmoja, majaribio yapatayo kumi yalisema yameiona pia.

Sasa tazama namba zenyewe. Wengine waliiweka karibu na 1522, wengine karibu na 1555. Chembe moja haina matungamo mawili. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko makosa ya vipimo waliyokiri baadhi yao. Ilikuwa onyo lililoandikwa wazi, na wengi walilipita wakienda kusherehekea.

Fanya hivi. Kabla ya kutazama, andika kwenye karatasi tungamo unalolitarajia na kosa la kipimo chako. Weka tarehe, tia saini, mpe mwenzako aihifadhi. Nundu yako ikitokea jirani na utabiri lakini nje ya kosa lako, iandike tofauti hiyo katika aya ya kwanza ya makala. Msomaji ataiona tu. Afadhali aisikie kutoka kwako.

Hatua ya 3: Jifunge kitambaa machoni

Hii ndiyo hila kuu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Nyani haoni kundule, na mwanafizikia haoni mkono wake unaosukuma data. Unabadilisha kidogo kichujio, yaani sharti la kuchagua matukio ya kuhesabu, nundu inakua. Unasema kichujio kipya ni bora. Unabadilisha tena, nundu inapungua; unasema hicho kina kasoro. Hujasema uongo hata mara moja. Lakini baada ya maamuzi arobaini ya namna hiyo, nundu imejengwa kwa mikono yako.

Dawa yake ni kutoiona. Mwambie mwandishi wa programu alifiche eneo la grafu ambalo unategemea nundu itokee. Chagua vichujio vyako vyote ukitumia data za kuigiza kwenye kompyuta na maeneo ya pembeni ambako huna matumaini. Kadiria usuli. Andika namna utakavyohesabu matokeo. Wenzako wasome na kupinga wakiwa nao hawajaona kitu. Mkishakubaliana, fungua mara moja.

Usifungue "kidogo tu." Usifungue na data za wiki ya kwanza ili "kuangalia kama mashine inafanya kazi." Ukishaona, umeona, na vichujio utakavyochagua baada ya hapo vitakuwa na macho.

Tena ujipambe. Fanya ufunguzi kuwa tukio: chai, wenzako wote chumbani, bosi wako amesimama mlangoni. Ikitokea nundu, utaonekana jasiri. Isipotokea, utaonekana jasiri zaidi, maana ulijifunga mwenyewe ukakubali kufunguliwa hadharani. Hakuna ushindi wenye heshima ya namna hiyo unaopatikana kwa kuchungulia.

Hatua ya 4: Cheza mchezo wa Gerald Lynch

Sigma ni kipimo cha kuonesha nundu imepanda juu ya usuli kwa kiasi gani, ukilinganisha na mtikisiko wa kawaida wa bahati. Sigma nyingi, bahati kidogo. Ndivyo tunavyoambiana. Sasa lifanyie jicho lako mtihani.

Miaka ya 1960, huko Berkeley, Marekani, Gerald Lynch alikuwa na programu ya kompyuta iliyoitwa Game. Mwenzake Arthur Rosenfeld aliieleza mwaka 1968. Unamsubiri rafiki aje na nundu yake mpya ya sigma 4. Unachora mstari laini kupitia data zake, kana kwamba nundu haipo. Kompyuta inatumia mstari huo kutengeneza michoro 100 ya bandia, yenye mitikisiko ya bahati tupu. Mchoro halisi unachomekwa ndani ya rundo hilo. Kisha wewe na rafiki yako mnazunguka kwenye korido, mnawaomba wanafizikia wachague mchoro unaoshangaza kuliko yote.

Mara nyingi waliochagua walichagua mmoja wa bandia.

Ucheze mchezo huu wewe pia. Leo kompyuta ya mkononi inatengeneza michoro elfu kumi kabla chai haijapoa. Mpelekee rundo msimamizi wako, mpelekee mtu wa chumba cha pili asiyekupenda, mpelekee mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wakishindwa kuichomoa nundu yako, umeokoka. Umeshindwa kwenye korido badala ya kushindwa kwenye jarida.

Hatua ya 5: Hesabu kila mahali ulipochungulia

Uwezekano wa bahati tupu kutoa nundu ya sigma 3 mahali palipopangwa mapema ni takriban mara 1 katika 740. Unasikika mdogo. Lakini ukichungulia mahali 740, tarajia moja. Nawe umechungulia pengi: jozi tofauti za chembe, upana tofauti wa nguzo za grafu, miaka tofauti ya data.

Rosenfeld alipiga hesabu hiyo mwaka huohuo wa 1968. Alikadiria michoro iliyokuwa ikichorwa kila mwaka kutokana na picha za vyumba vya viputo, vitambuzi vya chembe vya enzi hizo, akaona kwamba bahati peke yake ingezaa mamia ya nundu za sigma 3 kwa mwaka, na kadhaa za sigma 4. Wakati huo uvumi wa chembe mpya ulikuwa wa kawaida. Hoja za namna hiyo ndizo zilizowafanya watu wa fani hii wadai sigma 5 kabla ya kutamka neno ugunduzi. Sigma 5 ni bahati ya mara 1 katika takriban milioni 3.5.

Weka daftari. Kila grafu uliyoichora iandikwe, hasa zile ulizozitupa kwa sababu hazikuwa na kitu. Grafu tupu ni sehemu ya hesabu. Siku ya kutangaza, toa daftari, punguza sigma zako kulingana na idadi ya mahali ulipotafuta, na uandike namba zote mbili, ya kabla na ya baada. Itakuuma siku moja. Baada ya hapo hakuna mtu atakayeweza kukushitua kwa swali la mwisho wa semina.

Hatua ya 6: Kila kichujio kiwe na sababu isiyoitaja nundu

Vichujio ni muhimu. Bila kuchuja huoni kitu. Lakini vipo vichujio vinavyosafisha, na vipo vinavyochonga. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukiona nundu imesimama safi kupita kiasi, uliza fundi ni nani.

Februari 2016, kundi la D0 la Fermilab, Marekani, lilitangaza chembe ya X(5568) kutokana na data za mashine ya Tevatron, iliyokuwa imezimwa tangu 2011. Kama ingekuwa kweli, ingekuwa na kwaki za aina nne tofauti. Nundu ilikuwa na sigma 5.1. Lakini walikuwa wametumia kichujio kilichobakiza tu matukio ambayo pembe kati ya vipande viwili ilikuwa ndogo. Bila kichujio hicho, sigma zilikuwa 3.9. Wiki chache baadaye LHCb ilitafuta palepale, ikiwa na mesoni za Bs, kimoja cha vipande hivyo viwili, nyingi zaidi, isione kitu. Makundi ya CMS, ATLAS na CDF nayo hayakuiona.

Jifunze mambo mawili hapo. La kwanza: kichujio kinachobadilisha sura ya usuli kinaweza kuupandisha usuli mahali pabaya, na wewe ukadhani umeipandisha chembe. Kijaribu kwenye data za kuigiza zisizo na chembe kabisa, uone kama kinazaa kitu peke yake. La pili, na hili liige bila kusita: D0 waliandika namba zote mbili, 5.1 na 3.9. Kwa sababu hiyo msomaji yeyote aliweza kuona wapi pa kubonyeza. Huko ndiko kukosa kwa watu wazima.

Hatua ya 7: Walaumu jamaa wa zamani kabla ya kumkaribisha mgeni

Nundu yako inaweza kuwa ya kweli kabisa, haina bahati ndani yake, na bado isiwe chembe mpya. Vipande vya chembe za zamani vikichanganywa hutoa vivuli, na kivuli kikiangukia kwenye grafu nyingine huonekana kama nundu.

Angalia LHCb walivyofanya mwaka 2015. Walikuwa na takriban matukio 26,000 ya chembe ya lamda-b ikivunjika kuwa mesoni ya J/psi, protoni na kaoni. Walipounganisha J/psi na protoni, nundu ikasimama karibu na MeV 4450. Kwaki nne na antikwaki moja! Mtu wa haraka angepiga simu usiku uleule. Wao walianza kwa kuwashitaki jamaa. Upande wa kaoni na protoni umejaa hadroni za kawaida za ukoo wa lamda, zenye mwangwi kila mahali. Waliingiza 14 kati ya hizo katika modeli yao, wakazipa uhuru wote wa kueleza nundu. Zikashindwa. Ndipo walipoongeza pentakwaki mbili, na data zikakubali: sigma 9 kwa moja, sigma 12 kwa nyingine. Mwaka uliofuata walirudia kwa njia nyingine isiyohitaji kuijua kila lamda kwa jina, na jibu likabaki kwamba lamda peke yake hazitoshi.

Sasa mfano wa upande wa pili. Huko CERN, kundi la COMPASS lilirusha mwale wa pioni za GeV 190 (GeV moja ni MeV 1000) kwenye hidrojeni kimiminika, likakusanya takriban matukio milioni 46 yenye pioni tatu. Kwa data nyingi hivyo, bahati haina pa kujificha. Mwaka 2015 walitangaza nundu karibu na MeV 1420, ikaitwa a1(1420). Nundu ni ya kweli, ipo. Lakini mwaka 2021 kundi hilohilo lilionesha kwamba inaweza kuelezwa bila chembe mpya: hadroni ya zamani, a1(1260), inavunjika kuwa kaoni mbili, moja ikiwa ya aina nzito, ile nzito inatoa pioni na kubaki kaoni ya kawaida, kisha kaoni mbili zilizopo zinagongana na kuungana. Mzunguko huo wa pembetatu huinua nundu mahali palepale.

Kwa hiyo, kabla ya kuipa nundu jina, andika orodha ya washukiwa wote wa zamani. Chunguza kama nundu imekaa pale ambapo chembe mbili za kawaida huanza kupata nishati ya kuzaliwa pamoja, maana mipaka hiyo hupenda kuinua vilima. Mpe kila mshukiwa nafasi ya haki. Nundu ikisalia, umepata. Isiposalia, umepata makala nzuri kuhusu kivuli, na makala ya COMPASS inathibitisha kwamba makala ya kivuli inaweza kuwa bora kuliko ya chembe.

Hatua ya 8: Njia halisi ya mkato iko kabatini

Nilikuahidi njia za mkato. Hii hapa, na ni ya bure: soma data za wazee.

Theta-chanya ilisemekana huvunjika kuwa nyutroni na kaoni chanya. Geuza filamu irudi nyuma: ukirusha kaoni chanya kwenye nyutroni kwa nishati sahihi, Theta-chanya lazima izaliwe. Vipimo vya kaoni zikigonga nyutroni za ndani ya deuteriamu vilikuwa vimefanywa miongo mingi kabla, na havikuwa na nundu hapo. Njia pekee ya kuiokoa Theta-chanya ilikuwa kusema kwamba ni nyembamba mno, upana wa takriban MeV 1 au chini yake, hivyo vipimo vya zamani viliiruka. Upana wa nundu unaonesha chembe inaishi muda gani. Nundu pana, maisha mafupi. Delta, hadroni ya kawaida inayovunjika kuwa protoni au nyutroni pamoja na pioni, ina upana wa zaidi ya MeV 100. Chembe yenye nishati ya kutosha kuvunjika, na hakuna kinachoizuia, haikai namna hiyo bila sababu kubwa.

Wapo walioionesha hoja hiyo mapema, mwaka 2003 huohuo. Ilihitaji kalamu, karatasi na kabati la majarida. Kwa hiyo kabla ya kuomba mamilioni ya fedha na miezi ya mwale, keti mchana mmoja na uulize: kama chembe hii ipo, nani mwingine angekuwa amekwisha kuiona bila kujua? Ukipata jawabu la kukuvunja moyo, umekosa kwa gharama ya kalamu moja.

Hatua ya 9: Rudia mwenyewe kabla mpinzani hajarudia

Atakayeivunja nundu yako atapata sifa. Basi sifa hiyo ichukue wewe. Tumekubaliana tangu mwanzo kwamba unapenda sifa.

Kundi la CLAS, katika maabara ya Jefferson, jimbo la Virginia, lilikuwa miongoni mwa walioiona Theta-chanya mwaka 2003, kwa fotoni zilizorushwa kwenye deuteriamu. Nundu yao ilikuwa na sigma zaidi ya 5. Wangeweza kukaa nayo. Badala yake waliomba muda mpya wa mwale, wakarudia kipimo kilekile wakiwa na data nyingi zaidi, pamoja na kipimo kingine kwenye hidrojeni. Nundu haikurudi. Wakaichambua upya ile ya zamani kwa kutumia usuli walioujua sasa kwa uhakika zaidi, nayo ikadhoofika. Walichapisha yote. Waliifuta nundu yao kwa mikono yao, na kazi hiyo ilichangia sana kulifunga jambo hilo.

LHCb nao walirudi mwaka 2019, wakiwa na lamda-b mara tisa zaidi. Pentakwaki hazikufutika. Zilizidi: nundu ya 4450 ikaonekana kuwa chembe mbili zilizokaribiana, 4440 na 4457, na nyingine ikajitokeza kwenye 4312. Kuhusu ile pana ya 4380 waliyoitaja mwaka 2015, walisema wazi kwamba uchambuzi mpya hauwezi kuithibitisha wala kuikanusha.

Umeona? Kurudia kulizika Theta-chanya na kukazidisha pentakwaki za LHCb, na makundi yote mawili yalitoka na heshima. Weka gharama za kurudia ndani ya ombi lako la kwanza la fedha, ili siku ikifika usiwe na kisingizio.

Hatua ya 10: Kosa kwa sauti

Mwaka 1976, huko Fermilab, kundi lililoongozwa na Leon Lederman liliona matukio ya jozi za elektroni yakirundikana karibu na GeV 6. Walikadiria kwamba uwezekano wa bahati kufanya hivyo ulikuwa takriban 1 katika 50, wakauandika ndani ya makala, wakapendekeza jina: Upsiloni. Data zaidi zilipokuja, kitu kikatoweka. Watani waligeuza jina la Upsiloni kuwa kichekesho juu ya Leon, na kichekesho hicho kinasimuliwa hadi leo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kundi lilibadilisha mitambo, likapima jozi za myuoni, na mwaka 1977 likapata nundu kwenye GeV 9.5 ambayo hakuna aliyeweza kuivunja. Ilikuwa dalili ya kwanza ya kwaki ya tano. Wakaipa jina lilelile la Upsiloni. Hawakulitupa jina kwa kuogopa kuchekwa.

Kimya ndicho kinachoharibu. Miaka ya 1960, huko CERN, nundu ya mesoni iitwayo A2 ilionekana kuwa na ufa katikati, kana kwamba ni chembe mbili. Vipimo vingine viliunga mkono. Ilichukua miaka, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla data nyingi zaidi hazijauziba ufa huo. Katika hali ya namna hiyo, anayeuona ufa hukimbilia jarida, na asiyeuona hushuku mitambo yake akanyamaza. Usiwe huyo wa pili. Ukitafuta na usione, chapisha. Andika kikomo: kama chembe ipo, inazaliwa chini ya mara kadhaa kwa kila migongano kadhaa, kwa uhakika wa asilimia 95. Namba hiyo ni mali. Mtu wa miaka ishirini ijayo ataitoa kabatini, kama ulivyofundishwa katika hatua ya 8, na itamwokolea mwaka mzima wa maisha yake.

Sasa nenda ukaandike ombi lako la muda wa mwale. Eleza shabaha, nishati, vitambuzi na gharama. Kisha ongeza sentensi moja inayotaja matokeo yatakayokufanya ukubali kwamba chembe yako haipo, na uiweke kwenye ukurasa wa kwanza, pale kamati itakapoisoma. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, usiombe muda bado. Rudi kwanza kwenye hatua ya 1.